Kisiwa cha California: kusoma ramani yenye uongo

ZUHURA: Ramani nyingi za kale zinaichora California kama kisiwa, ilhali imeungana na bara. Cha ajabu, kaka Bakari, ukweli ndio uliotangulia. Mwaka 1539 baharia wa Kihispania Francisco de Ulloa alipanda kwa meli Ghuba ya California mpaka kichwani mwake, akakuta nchi kavu. Wachora ramani Mercator na Ortelius wakaichora California imeungana na bara, kama ilivyo.

BAKARI: Kosa likaja na safari ya 1602 ya Vizcaíno, baharia wa Kihispania, kwenye pwani ya California. Padri Antonio de la Ascensión, aliyekuwemo, akashikilia kuwa ni kisiwa. Mwaka 1625 ramani ya Mwingereza Henry Briggs ikachapishwa London, na wengi wakanakili hiyo.

ZUHURA: Mtu akiuziwa moja ya ramani hizo, macho yaanzie wapi?

BAKARI: Ncha ya kaskazini ya kisiwa. Ikiwa karibu imenyooka, ni ukoo wa Briggs. Ikiwa na vihori na meno-meno, ni ukoo wa mchora ramani Mfaransa Nicolas Sanson, wa 1656. Ila umbo peke yake halikupi mwaka, maana koo zote mbili ziliendelea kuchapishwa kwa pamoja.

ZUHURA: Na ramani hizo zilichapwa kwa bamba la shaba lililochongwa, na shaba haifutiki kwa raba! Unakwangua mistari, unapindua bamba na kugonga mgongoni kwa nyundo ili palipobonyea painuke, unasugua, ndipo uchonge upya. Mwenye bamba linalouzika alibadilisha jina na mwaka tu, kisiwa akakiacha palepale. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa ni wa bamba, si lazima uwe wa karatasi.

BAKARI: Karatasi nayo ina ushahidi wake. Iinue kwenye mwanga. Ya zamani ina alama za waya za fremu iliyoitengenezea, mistari sambamba iliyoachana takriban sentimita 2 hadi 3. Karatasi isiyo na mistari hiyo ilianza kutumika kwenye vitabu Ulaya mwaka 1757. Ukiambiwa hii ni chapa ya 1680 na mistari haipo, rudisha.

ZUHURA: Na ule mfereji kuzunguka picha?

BAKARI: Hiyo ni alama ya ukingo wa bamba lilipokandamizwa mtamboni. Isipoonekana, huenda pambizo zilikatwa. Ikionekana, usishangilie mapema, kwani hughushiwa. Chukua lenzi ya mara 10: ukiona vidoti vilivyojipanga safu, hiyo ni chapa ya kisasa.

ZUHURA: Mimi hukimbilia kijani. Kijani cha kale kilitokana na shaba, nacho hula karatasi. Geuza nyuma, utaona rangi ya kahawia ikifuata mipaka ileile. Hapo usikunje wala usilowanishe, karatasi hukatika kama biskuti. Kijani kisichopenya kabisa huenda kimepakwa juzi kumpandishia mnunuzi bei.

BAKARI: Kosa lenyewe lilichelewa kufa. Padri Kino, mmisionari, alifika California kwa miguu na farasi, yaani kwa nchi kavu, ramani yake ikachapishwa 1705. Bado ilibidi Mfalme Ferdinand VI wa Hispania atoe amri mwaka 1747 kwamba California si kisiwa.

ZUHURA: Mtego mmoja zaidi: nyongeza ya ensaiklopidia ya Kifaransa ya Diderot, miaka ya 1770, ina karatasi yenye ramani tano za California, kile kisiwa cha Sanson kikiwemo, kila moja na mwaka wake. Huo 1656 unaousoma hapo ni wa ramani iliyonakiliwa. Usiulipie bei ya Sanson.