Mstari Mmoja Uliofuta Wosia wa Hombolo

Mbukwenyi ndugu zangu! Mlionisikiliza Kondoa na Mpwapwa mnajua nitaanzia wapi. Nitaanzia hapohapo, kwenye wosia wa mwenye mali nchi mbili, maana watu bado wanaumia.

Mzee mmoja wa hapa kwetu Dodoma alikuwa na shamba la mizabibu Hombolo na nyumba ya kupangisha Majengo. Akaandika wosia, mashahidi wakatimia, karatasi ikahifadhiwa vizuri. Baadaye biashara ikamfikisha Kenya, akanunua kiwanja Kitengela na kufungua akaunti Nairobi. Wakili wa kule akamshauri aandike wosia mwingine kwa ajili ya mali za kule. Ushauri mzuri kabisa! Balaa lilikuwa mstari wa kwanza: "Nabatilisha wosia zote nilizowahi kuandika kabla ya huu." Mzee akasaini.

Mstari huo umo karibu katika kila wosia unaoandaliwa na wakili, na umewekwa kwa sababu njema: mtu asiache karatasi mbili zinazopingana. Lakini haukusema wosia za Kenya. Ulisema zote. Mzee alipofariki, binti aliyelima lile shamba bega kwa bega na baba yake, tena aliyeandikiwa kwa jina, akaambiwa na baba zake wadogo: wosia wako baba yako kaufuta kwa mkono wake. Mtasema mahakama huangalia nia ya marehemu. Sawa, huangalia. Lakini mpaka iamue, familia inalipa mawakili nchi mbili, wapangaji hawajui kodi wampe nani, na zabibu zinaozea shambani. Ndugu waliokula sinia moja sasa wanasalimiana kwa barua za wakili.

Ilihitajika sentensi moja tu. Andikeni, msiitegemee kumbukumbu: "Wosia huu unahusu mali zangu zilizoko Kenya pekee, na haugusi wosia wangu wa Tanzania." Wa Tanzania nao useme hivyohivyo kuhusu wa Kenya. Na ukienda kwa wakili wa nchi ya pili, mpelekee nakala ya wosia wa kwanza. Usimsimulie. Mpelekee!

Najua kuna anayewaza: si niandike mmoja tu unaokusanya kila kitu? Unaweza. Sheria ya urithi ya Kenya, Sura ya 160, inautambua wosia uliofuata taratibu za mahali ulipoandikwa, na kifungu cha 77 kinaruhusu hati ya usimamizi, yaani karatasi ya mahakama inayompa mtu mamlaka juu ya mali za marehemu, kutoka nchi ya Jumuiya ya Madola igongwe muhuri upya na mahakama yao. Ila kwa njia hiyo ya muhuri, ni lazima watu wako wamalize mahakama ya hapa ndipo waanze ya kule. Wakati huo kiwanja kinakaa bila mwenyewe, na viwanja vya namna hiyo mnajua vinavyovamiwa. Halafu ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo, uwe Mgogo, uwe Mrangi. Fedha za benki na gari kwa kawaida hufuata sheria ya makazi yako ya kudumu.

Wengine mnaona kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia kifo. Mbona shambani mnapanda mzabibu mkijua utazaa miaka mingi, na hamwoni mnajihakikishia uhai?

Muda unakimbia, haya mengine nayataja tu. Waislamu: wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na haumwongezei mrithi fungu mpaka warithi wenzake waridhie, hata mali ikiwa London. Wanaofuata mila: kanuni za mwaka 1963 zinataka mashahidi wa ukoo na watu baki, si marafiki zako peke yao. Mwenye nyumba Uingereza akumbuke kodi ya mirathi ya kule: kwa kawaida asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000. Tena kule, ukioa au kuolewa, wosia wa zamani kwa kawaida unakufa. Na mwenye mtoto aliyechukua uraia wa nje, asimwandikie kiwanja cha hapa kabla ya kumuuliza mwanasheria, maana Sheria ya Ardhi ya 1999 ina masharti kwa asiye raia. Kenya nako mgeni hamiliki ardhi zaidi ya miaka 99, kwa hiyo angalieni hati ya Kitengela imebakiza mingapi.

Suala la msimamizi wa mirathi sikuligusa. Mama wa pale mbele, umenyoosha mkono tangu nilipotaja Hombolo. Uliza.