Mishipa Iliyojificha Chini ya Utando wa Tumbo

Ndugu zangu, kabla sijawasha projekta, toeni simu zenu. Washeni tochi, kisha zibeni taa yake kwa ncha ya kidole. Mnaona kidole kinavyowaka wekundu? Tochi ni nyeupe, lakini bluu na kijani vimeishia njiani, vimemezwa na damu; nyekundu ndiyo iliyopenya. Ukiupita wekundu huo kidogo, kule jicho lisikofika, kuna mwanga ambao mwanaastronomia William Herschel aliugundua mwaka 1800 kwa kipimajoto: infraredi.

Huo ndio tunaoutaka tumboni. Endoskopi ya kawaida, yaani mrija wenye kamera unaoingizwa tumboni, hata kamera iwe nzuri namna gani, hutuonyesha utando wa juu, ule unaong'aa kwa ute. Mishipa mikubwa ya damu imelala chini yake. Mtu mwenye makovu kwenye ini huweza kuwa na mishipa iliyovimba tumboni, nawe ukadhani ni mikunjo ya kawaida. Ukinyofoa kinyama hapo kwa ajili ya vipimo, utajuta.

Sasa pana kinaya ninachokipenda. Infraredi ya nanomita 700 hadi 900 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hupenya utando kwa sababu hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, haiimezi sana. Lakini hata damu iliyomo mishipani ni hemoglobini hiyohiyo! Tumefunua pazia, na tuliyemfuata naye kafifia. Ndiyo maana tunadunga rangi mkononi, indosianini ya kijani. Hushikamana na protini za plazma, yaani majimaji ya damu, hivyo haivuji ovyo, nayo humeza mwanga wa karibu nanomita 800.

Mwanzoni skrini haionyeshi kitu. Sekunde zinapita, nesi aliyedunga anakutazama wewe. Mara mstari mwembamba unajitokeza, kama mzizi mvua imeufukua, kisha unachipuza matawi. Usizubae: ini lenye afya huondoa nusu ya rangi kwa dakika 3 au 4 na kuipeleka kwenye nyongo. Kwa ini bovu, ambalo ndilo la wagonjwa wetu wengi, hukawia zaidi. Na kwa kuwa ina iodini, ulizeni habari za mzio kabla ya sindano, si baada.

Wapenzi wa endoskopi ya mwanga wa bluu, wa nanomita 415, wasinune. Wao hutafuta vimishipa vya juujuu, kazi nyingine kabisa.

Haya, slaidi ya kwanza. Mshipa huo wa bluu msiushangae, rangi imepangwa na mashine.