Jinsi ya Kujenga Sinema Kwenye Besimenti na Kuficha Spika Kubwa Nyuma ya Skrini

Karibuni watazamaji. Leo tunajenga sinema ya nyumbani ndani ya besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, na spika tutakazotumia ni kubwa kweli: kila moja ina kimo cha futi 4, upana wa inchi 14 na kina cha inchi 16. Kazi ikiisha, mgeni akiingia hataona hata moja. Ataona skrini, kitambaa cheusi na viti, basi.

Chumba ninachowaonyesha kiko Minnesota, Marekani. Huku msingi wa nyumba huchimbwa chini kupita kina ambacho udongo huganda wakati wa baridi, ndiyo maana nyumba nyingi zina chumba kizima chini ya ardhi. Wenzetu wengi waliohamia huku wanakitumia kuwekea masanduku. Chetu kina urefu wa futi 22, upana wa futi 14 na kimo cha futi 7 na nusu. Kama uko Arusha au Mombasa na chumba chako kiko juu ya ardhi, ruka sehemu ya unyevu. Mengine yote ni yale yale.

Kabla hatujashika msumeno, nijibu swali ambalo kila mtu huuliza: kwa nini usinunue spika ndogo za kubandika ukutani, yakaisha?

Sababu ya kwanza ni maneno. Karibu mazungumzo yote ya filamu hutoka kwenye spika ya katikati. Sebuleni spika hiyo hulazwa chini ya televisheni, kwa hiyo mtu anaongea huku juu na sauti yake inatokea magotini. Kwenye majumba ya sinema spika husimama nyuma ya skrini, na sauti hupita ndani ya skrini yenyewe. Ukiweka hivyo nyumbani, sauti inatoka mdomoni mwa anayeongea. Ukishaisikia hivyo huwezi kurudi nyuma.

Sababu ya pili ni nguvu. Kiwango cha sinema kinataka kila spika kuu iweze kufika desibeli 105 (kipimo cha ukubwa wa sauti) penye kiti, kwa ule mshindo wa ghafla. Kiti chetu kiko futi 12 kutoka kwenye skrini. Spika kubwa inayotoa desibeli 98 kwa wati moja, ukiipima mita moja, itafika hapo kwa wati 70 hivi. Ndogo inayotoa 86 itahitaji zaidi ya wati 1,000, na itakuwa imeungua kabla haijafika. Kuta za chumba husaidia kidogo, lakini pengo linabaki pale pale. Na kwa kuwa tunaficha, hakuna atakayelalamika kwamba masanduku yanaharibu sura ya nyumba. Chagua kwa masikio.

Haya, kazi. Tunaanza na maji. Chukua nailoni safi, mraba wa inchi 18, ibandike kwenye sakafu ya zege kwa tepu pande zote nne, uiache usiku na mchana mzima. Ukiibandua ukakuta matone kwa ndani, au zege limekuwa jeusi, usijenge. Shughulikia kwanza mifereji ya paa na mteremko wa udongo nje ya nyumba. Kitambaa na pamba tutakavyoweka humu vikilowa, ukungu utaingia mahali ambapo hutauona.

Pima pia gesi ya radoni. Haina harufu wala rangi, inapanda kutoka ardhini, na ni chanzo kikubwa cha saratani ya mapafu, cha pili baada ya sigara. Kipimo cha nyumbani si ghali. Mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri hatua zichukuliwe ikifika pikokyuri 4 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. Bomba la kuitoa nje ni rahisi kuliweka sasa kuliko ukuta ukishafungwa. Hapa sitanii: utakaa humu na watoto saa nyingi.

Tatu, kibali cha ujenzi kutoka manispaa. Mkaguzi atakuja kuangalia nyaya kabla hujafunga ukuta, na huyo ni rafiki yako. Kumbuka paneli ya umeme ya nyumba haifichwi. Lazima mbele yake pabaki wazi futi 3.

Sasa vipimo. Tumechagua skrini ya inchi 120, ile ya umbo la 16 kwa 9. Upana wake ni kama inchi 105 na kimo inchi 59. Ukikaa futi 12, picha inajaza nyuzi 40 za macho yako, nami sipendi pungufu ya hapo, kwa sababu ndipo inapoacha kuwa televisheni. Nyuma ya skrini tunatenga futi 2 na nusu kwa ajili ya spika. Kwa hiyo kiti kinaangukia futi 14 na nusu kutoka ukuta wa mbele, na nyuma yako zinabaki futi 7 na nusu. Usiweke kiti katikati kabisa ya urefu wa chumba. Katika chumba cha futi 22, besi ya karibu hezi 26 hufutika pale katikati. Spika iwe ya bei gani, hapo haisaidii. Usikibandike kwenye ukuta wa nyuma pia, besi itajaa hadi ikere.

Chukua chaki, chora kila kitu sakafuni: viti, spika, na ukuta bandia utakaobeba skrini na kuficha spika. Kaa kwenye kiti halisi. Mwite mwenzako naye akae. Kufuta chaki ni bure.

Ukuta bandia ndio moyo wa kazi hii, kwa hiyo twende polepole. Mbao ni mbili kwa nne. Ile inayolala juu ya zege lazima iwe mbao iliyotiwa dawa, la sivyo itaoza. Simamisha fremu futi 2 na nusu kutoka ukuta wa mbele. Usijaze nguzo kama ukuta wa kawaida, kwa sababu hakuna nguzo itakayokaa mbele ya spika. Acha madirisha matatu makubwa: la katikati, la kushoto na la kulia. Weka pimamaji kwenye kila nguzo. Skrini itaning'inia hapa, na ikipinda hata kidogo utaiona kila siku.

Spika zote tatu ziwe za aina moja, zote zimesimama, na zile twita, yaani vispika vidogo vya sauti nyembamba, ziwe kwenye kimo kimoja. Hapa ni inchi 45 kutoka sakafuni. Ya katikati inakaa katikati hasa. Ya kushoto na ya kulia kila moja iko inchi 60 kutoka katikati, nje kidogo ya ukingo wa picha. Kwa mtu aliyekaa, hiyo ni kama nyuzi 22 kila upande, mwanzo wa kiwango kinachokubalika. Chumba kikiwa kipana zaidi, zisogeze hadi nyuzi 30. Zigeuze zikutazame kidogo.

Angalieni hapa kwa karibu. Kutoka uso wa spika hadi skrini nimeacha inchi 6. Ukigusisha, kitambaa kitatetemeka na sauti itajirudia kati yake na spika. Na kwa nyuma, uso wa spika uko inchi 24 kutoka ukutani. Sauti inayozunguka nyuma ikagonga ukuta na kurudi, inakutana na ile ya mbele na kuifuta penye hezi 140 hivi, ambapo ni kifua cha sauti ya mwanamume. Dawa yake ni pamba ya mawe, ile ya kumeza sauti. Funika ukuta wote wa mbele kwa unene wa inchi 4, kisha jaza nafasi zilizo ubavuni na nyuma ya kila spika. Vaa glavu na barakoa, nyuzi zake zinawasha sana. Halafu ifunike yote kwa kitambaa chepesi cheusi isidondoshe vumbi.

Paka rangi nyeusi isiyong'aa kila kitu kilicho nyuma ya skrini. Toa nembo za kampuni zinazometameta kwenye spika, au ziwekee tepu nyeusi. Mwanga wa projekta hupenya skrini, ukikuta kitu kinachong'aa unarudi, na utaona doa katikati ya filamu.

Nyaya sasa. Waya wa spika unaopita ndani ya ukuta uwe na alama ya CL2 au CL3, maana yake umeruhusiwa kwa kazi hiyo. Unene wa geji 14 unatosha kwa umbali wa kawaida. Kwa njia ndefu tumia geji 12, ambayo ni nene zaidi. Pitisha waya wa ziada kila upande, na kuelekea kwenye projekta weka bomba la plastiki la inchi 2 lenye kamba ndani. Teknolojia ya picha itabadilika, utavuta kebo mpya bila kubomoa. Umeme mkuu mwachie fundi mwenye leseni. Mwombe laini mbili za ampea 20. Kisha piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, kabla haujafungwa.

Dari. Watu wengi hujaza pamba darini wakidhani wamezuia sauti isiende kwa waliolala juu. Pamba peke yake haizuii. Kinachozuia ni uzito, kuziba hewa, na kutenganisha. Tumia klipu za mpira na reli za chuma ili jipsamu isishikane na mbao za sakafu ya juu moja kwa moja. Weka jipsamu tabaka mbili, kila moja unene wa sehemu 5 kati ya 8 za inchi, katikati yake gundi maalumu ya kumeza mtikisiko. Ziba kila ufa kwa gundi ya pembeni isiyokauka. Besi nzito itapita bado kidogo, hilo ukubali, lakini maneno hayatapita.

Spika za pembeni tunazificha ndani ya nguzo bandia, za plaiwudi na kitambaa. Ziweke nyuzi 90 hadi 110 kutoka mbele ya msikilizaji, juu kidogo ya masikio. Ukitaka sauti ya juu ya kichwa, nne za darini zinatosha.

Kitambaa cha kufunika ndicho watu wanachokosea sana. Usinunue kwa kupendezwa na rangi. Kishike, kibandike mdomoni, upulize. Pumzi ikipita bila kukaza mashavu, sauti nayo itapita. Ikigoma, kirudishe rafuni. Kiwe pia na cheti cha kutoshika moto haraka. Kivute kwenye fremu nyepesi za mbao, anza pini katikati ya kila upande ukielekea pembeni, kisha shikilia fremu ukutani kwa sumaku. Siku spika ikiharibika, unavuta paneli kwa mkono.

Skrini yenyewe ipo ya aina mbili: iliyofumwa, na ile ya plastiki yenye matundu madogo. Mimi nachagua iliyofumwa kwa chumba cha kiasi hiki, kwa sababu inapitisha sauti nyembamba vizuri zaidi. Hakikisha tu nyuzi zake hazionekani ukikaa mahali pako.

Sabufa tunaweka mbili, moja karibu na katikati ya ukuta wa mbele, kando ya spika ya katikati, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alionyesha kwamba sabufa mbili zikikabiliana hivi kutoka katikati ya kuta, besi inasawazika kutoka kiti hadi kiti. Mbili za kiasi hunipendeza kuliko moja kubwa ajabu.

Hatua ya mwisho ni kusikiliza. Pakua programu ya kupima sauti iitwayo REW, ni ya bure, na upate maikrofoni ya kupimia. Iweke pale kichwa kitakapokuwa. Kwenye risiva, kile kifaa kinachoendesha spika zote, ingiza umbali wa kila spika, sawazisha zote zisomeke desibeli 75, na chini ya hezi 80 peleka kazi kwa sabufa. Skrini itakuwa imepunguza sauti nyembamba kidogo. Pandisha taratibu sauti hizo nyembamba, usizidishe.

Halafu fanya hivi bila kuruka. Cheza mlio unaopanda polepole kutoka hezi 20 hadi 80, kwa sauti kubwa, na mtu mmoja azunguke chumba. Kila kinapolia kitu, weka kiganja juu yake. Mlango wa bomba la hewa, taa ya darini, kona ya paneli, kitasa. Kiganja kikinyamazisha, umempata. Kaza skrubu, au weka kipande cha spanji, kisha rudia mlio tangu mwanzo mpaka umalize hezi zote bila kusikia chochote kikitetema. Viti na zulia vinaingia baada ya hapo, kisha upime tena, kwa sababu navyo vinabadilisha sauti.