Cheni za Sherman: anza na picha, boksi baadaye

Karibuni jamani, wale wa nyuma sogeeni mbele maana nimeleta cheni zenyewe na kwa mbali hamtaona kitu. Leo siongelei rangi wala gundi, naongelea cheni za modo za vifaru tu, na nitabaki na Sherman, kifaru cha Kimarekani cha Vita ya Pili ya Dunia, za skeli ya 1:35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi) kwasababu ndo kifaru kinachowachanganya watu kuliko vyote.

Sasa sikilizeni. Cheni kwenye kifaru ilikuwa kama tairi kwenye lori, ikiisha inavuliwa inavalishwa yoyote iliyoko stoo, kwahiyo kujua tu kwamba hii ni M4A1 au M4A3, yaani ni toleo gani la Sherman, hakukwambii ilivaa nini siku ile. Picha ndo inakwambia. Tafuta picha ya kifaru kilekile unachokiunda, ukikosa basi cha kikosi kilekile na miezi ileile, na tafadhali usiende kupiga picha kifaru cha makumbusho ukasema umemaliza, vingi vilishabadilishwa cheni baada ya vita.

Kwenye picha angalia kwanza kama cheni ni ya mpira au ya chuma, halafu ni aina gani, hizi T na namba ndo majina ya aina zenyewe. T51 ni mpira bapa, hauna hata alama. T48 ni mpira wenye V nene iliyotuna. T49 ni chuma yenye vyuma vilivyolala sambamba, na T54E1 ni chuma yenye V. Mkiuliza cheni za chuma zilitokea wapi, mapema 1942 Wajapani waliteka Malaya na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilikuwa inatoka huko, Wamarekani wakalazimika kubana sana matumizi ya mpira, ndo chuma ikachukua nafasi yake. Hata huku Tanganyika mashamba ya mpira ya enzi za Wajerumani yakafufuliwa, watu wakapelekwa kwa lazima kwenda kugema. Mimi T54E1 nikiishika nawakumbuka wale wagemaji, sioni kama ni historia ya watu wengine.

Halafu kuna yale masikio ya chuma yanayofungwa pembeni ya cheni ili kifaru kisizame kwenye tope. Hayo ni ya kuanzia 1944 huko Ulaya, ukiyaweka kwenye Sherman ya mapigano ya El Alamein kule Misri, Oktoba 1942, umeharibu kazi yote hata kama rangi umepiga vizuri kiasi gani.

M4A3E8, toleo la Sherman la mwishoni mwa vita, ndo pa kukaa napo zaidi. Hii ina saspensheni mpya na cheni pana, inchi 23 badala ya 16 na nusu hivi, kwenye modo yako ni kama milimita 17 dhidi ya 12, pima kwa rula kabla hujanunua. Ukiunda ile iliyofika Ulaya mwishoni mwa 1944, mara nyingi picha zitakuonyesha T66, chuma tupu yenye pini moja. Ukiunda ya Korea, 1950 hadi 1953, utakutana sana na T80 ya chuma na T84 ya mpira. Kifaru ni kilekile, ila ukikosea cheni umeshakihamisha vita.

Idadi ya pingili, yaani vile vipande unavyounganisha kupata cheni, nayo hesabu. Sherman nyingi ni 79 kila upande, lakini M4A4 ni 83 maana bodi ilirefushwa iingie ile injini kubwa ya Chrysler, kwahiyo seti ya pingili 158 haikutoshi na utajua hilo usiku umeshaanza kuunganisha.

Na ukifika kwenye kuzeesha, yaani kuifanya modo ionekane imetumika, T54E1 sugua rangi ya fedha juu ya V pale inapogusa ardhi, lakini T48 usiiguse na rangi hiyo, mpira haung'ai, huo unakuwa kijivu cha vumbi na kingo zilizomeguka, kinachong'aa ni vile vishikizo vya chuma vya pembeni peke yake. Haya, pitisheni hizi mkononi, anzeni na hiyo T51.