Mzazi Akisema "Anakuja"

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Mmenipa mada pana, mahitaji ya mwanamke katika ukunga, na muda mfupi. Wanaonijua wanajua nitakapoanzia. Mnaosikia kisa hiki kwa mara ya tatu, vumilieni.

Nilikuwa mkunga wa mwaka wa kwanza. Mama wa uzazi wa nne akaniita: "Sista, anakuja." Nilikuwa nimetoka kumpima njia ya uzazi, imefunguka sentimita sita kati ya kumi. Nikamjibu kwa sauti ya mjuzi, "Bado mama, usisukume," nikarudi mezani kujaza partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Nilichora vizuri kweli, mistari imenyooka. Kilichonishtua ni kilio cha kichanga. Aliyempokea alikuwa mzazi wa kitanda cha pili, naye ana uchungu wake. Nikafika mbio, glovu mkono mmoja. Mama akanitazama, akaniuliza taratibu, "Haya sista, sasa ni sentimita ngapi?"

Mnacheka. Mimi sikucheka. Mtoto alikuwa mzima, ndiyo maana leo naweza kusimulia.

Kipimo changu hakikuwa na kosa. Sita zilikuwa sita. Ila nilidhani vidole vyangu vinaujua mwili wake kuliko yeye. Tulikaririshwa kwamba njia hufunguka sentimita moja kila saa. Asili yake ni mchoro wa daktari Mmarekani, Friedman, wa miaka ya 1950, nasi tukaugeuza amri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa kasi hiyo haiwafai wanawake wote, wapo wanaokwenda polepole na wakajifungua salama. Hao ndio tunaowatundikia dripu ya kuongeza uchungu kwa sababu subira imetuishia sisi. Na mama aliyekwisha kuzaa anaweza kutoka sita hadi kumi kabla wino wako haujakauka.

Najua kuna anayesema moyoni: bibi huyu amesahau zamu ya usiku, wakunga wawili, wazazi kumi na watano. Sijasahau, miguu yangu inakumbuka. Lakini kusema "sasa nitakupima, ukitaka niache niambie" ni pumzi moja. Kuinua shuka na kutazama anaposema anakuja ni pumzi ya pili. Kumfokea mzazi kunakula muda mrefu zaidi. Nimewahi kufanya yote, ninajua.

La mtu wa kumshika mkono. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 26, wanawake zaidi ya 15,000. Waliokuwa na mtu wa kukaa nao muda wote walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, na upasuaji ukapungua. Bado tunamfungia mlango dada yake, eti mama wa jirani atakosa faragha. Pazia, jamani! Tundikeni pazia.

Kulala chali nalipita haraka. Mlalo ule unatufaa sisi tunaotazama. Yeye unambana mshipa mkubwa wa damu na kumnyima msaada wa uzito wa mtoto. Anayetaka kutembea atembee, anayetaka kuchuchumaa achuchumae.

Naonyeshwa saa. Nilikuwa na ukurasa mzima wa baada ya kujifungua: maziwa, usingizi, machozi ya siku ya tatu, mshono usiotazamwa na mtu. Haukufikiwa, kama usivyofikiwa wodini. Haya, maswali. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nilipotaja dripu, anza.