Hewa Imejaa, Mbona Nakosa Pumzi?

REHEMA: Karibuni tena. Leo naanza na yangu. Niliamka saa nane usiku, moyo unadunda, nikahisi chumbani hewa imeisha. Nikawa navuta, navuta. Midomo ikafa ganzi, vidole vikachomachoma kama sindano, halafu vikajikunja vyenyewe, gumba likaingia kiganjani. Nikajua ndiyo basi.

BAKARI: Pole sana, dada. Hospitali wakakupima oksijeni?

REHEMA: Asilimia 99! Nikadhani kipimo kibovu.

BAKARI: Kilisema kweli. Lile lilikuwa shambulio la hofu, ukahema kupita kiasi; ulichopungukiwa ni hewa ukaa.

REHEMA: Ambayo shuleni tuliambiwa ni taka.

BAKARI: Ndilo linaloniuma. Seli zinaunguza sukari na mafuta kwa oksijeni, hewa ukaa inatokea humo. Umetulia tu kitini, unatengeneza kama mililita 200 kila dakika. Mkimbiaji anahema sana, lakini anatoa kile anachozalisha. Wewe ulikuwa umelala, unahema kama mkimbiaji. Ukatoa kuliko ulichokuwa unazalisha.

REHEMA: Na vidole?

BAKARI: Hewa ukaa ndani ya damu huleta asidi kidogo. Ikipungua, damu inaelemea upande wa alkali, yaani kinyume cha asidi, kalsiamu iliyo huru inanaswa na protini, na neva zinaanza kufyatuka ovyo. Hapo ndipo ganzi na mkazo. Mishipa ya ubongo nayo inasinyaa, kizunguzungu kinakuja. Halafu kuna alichokionyesha mwanasayansi wa Denmark, Christian Bohr, na wenzake mwaka 1904: palipo na hewa ukaa, hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, huiachia kwa wepesi. Ikipungua, inaing'ang'ania.

REHEMA: Kumbe oksijeni ipo, ila haishuki!

BAKARI: Inashuka kwa shida. Na wewe unazidi kuvuta.

REHEMA: Sasa nisaidie hapa, kaka. Wenye maradhi haya ya mashambulio ya hofu wakivuta pumzi moja tu yenye hewa ukaa asilimia 35, wengi hofu inawapanda. Ikizidi hofu, ikipungua hofu?

BAKARI: Ndiyo. Daktari wa akili wa Marekani, Donald Klein, alitoa dhana yake mwaka 1993: ubongo una king'ora cha kukosa hewa, na kwa baadhi ya watu kinalia bila sababu. Ukikisikia unahema, ukihema dalili zinaongezeka, nazo zinakutisha upya. Mimi dhana hiyo naiona ina uzito, ingawa haielezi kila mgonjwa.

REHEMA: Vipi ule mfuko wa karatasi?

BAKARI: Uacheni, jamani. Kama tatizo ni moyo au pumu, mfuko unakunyima oksijeni unayoihitaji kwelikweli. Na kifua kikibana kwa mara ya kwanza, nenda ukapimwe, usijitibu kwa podikasti.

REHEMA: Mara ya pili iliponijia nilikaa sakafuni, mdomo nimefunga. Naingiza kidogo kwa pua, natoa polepole, nahesabu hadi sita. Dakika za kwanza ni mateso, kila kiungo kinadai uvute. Sikuvuta. Nikawa nautazama mkono wangu pajani, na gumba likatoka kiganjani taratibu.