Kiingereza, Uraia na Skrini: Somo Moja kwa Mtu Mzima

Ndugu walimu, wenzetu mnaojitolea, na ninyi wanafunzi mliokuja kutusikiliza tukizungumza habari zenu, habari za asubuhi. Asanteni kwa mwaliko.

Nianze na ofisi ya leseni za udereva. Hapa Marekani, sheria ya mwaka 1993 inazitaka ofisi hizo, katika majimbo mengi, zimpe mteja nafasi ya kujiandikisha kupiga kura. Sasa mhamiaji mwenye ukaazi wa kudumu anaingia kubadilisha anwani. Maswali yanapita kwenye skrini: jina, tarehe ya kuzaliwa, rangi ya macho, ungependa kuchangia viungo vyako ukifariki, ungependa kujiandikisha kupiga kura, je, wewe ni raia? Foleni ni ndefu nyuma yake. Anabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kwa sababu anataka kuonekana mtu mwenye ushirikiano na serikali. Tangu mwaka 1996, sheria ya uhamiaji inamwona mtu aliyedai uraia asio nao kuwa na kosa zito: anaweza kunyimwa uraia atakapouomba, anaweza hata kurudishwa alikotoka, na njia za kujinasua ni chache mno.

Niambieni, mtu huyu alikosa somo gani? Mwalimu wa Kiingereza atasema alikosa msamiati. Mwalimu wa uraia atasema hakujua mpaka kati ya mkaazi na raia. Mwalimu wa kompyuta atasema hakujua kwamba swali jingine unaweza kuliruka, kwamba kipo kitufe cha kurudi nyuma, kwamba majibu yote unaweza kuyapitia kabla ya kutuma. Wote watatu wanasema kweli. Na katika vituo vingi walimu hao watatu wanamfundisha mtu huyohuyo kwa siku tofauti, kila mmoja na kitabu chake, bila kuulizana.

Nasema tuache hivyo. Mtu mzima hapati tatizo la lugha Jumatatu na tatizo la serikali Jumatano. Shida zinamjia zimeshikana, basi na somo limjie limeshikana.

Wazo hili halikuanza jana. Mwaka 1957, kwenye kisiwa cha Johns Island, South Carolina, lilifunguliwa darasa la usiku kwa watu wazima Weusi waliokuwa wakizuiwa kupiga kura kwa kisingizio cha kutojua kusoma. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la ushirika. Septima Clark, mwalimu aliyekuwa amefukuzwa kazi na serikali kwa kukataa kujitoa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alisaidia kulianzisha pamoja na Esau Jenkins, kiongozi wa jamii kisiwani humo. Aliyesimama mbele ya darasa alikuwa Bernice Robinson, msusi na fundi cherehani, ambaye hakuwa amesomea ualimu. Akawauliza wanafunzi wanataka kujua nini. Wakataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu za kuagiza bidhaa kwa posta, na kusoma vifungu vya katiba ya jimbo ambavyo msajili wa wapiga kura angewatolea. Akawafundisha hayo. Kusoma, haki na makaratasi ya kila siku vilikaa kwenye meza moja, na utaratibu ule ukasambaa Kusini kote mwa Marekani, ukawasaidia watu wengi sana kujiandikisha kupiga kura.

Fomu ya posta ya 1957 ndiyo tovuti ya leo. Hicho tu ndicho kilichobadilika.

Sheria nayo inatuunga mkono. Sheria ya nguvu kazi ya mwaka 2014 ina kifungu cha 243, kinachogharimia mafunzo ya Kiingereza pamoja na haki na wajibu wa raia, yakiambatana na maandalizi ya kazi. Na katika maandalizi hayo ya kazi, sheria inataja ujuzi wa kidijitali kwa jina. Kwa hiyo mkurugenzi akikuambia kompyuta si sehemu ya ruzuku yenu, msomee kifungu.

Tuje kwenye mtihani wa uraia, maana najua ndio unaowaleta wengi darasani. Mazoea yetu ni kukaririsha. Maswali 100 kwa walioomba zamani. 128 kwa walioomba kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025, ambapo afisa anauliza hadi 20 na mwombaji apate 12. Kukariri kuna mahali pake, silaumu. Lakini tazameni mchakato mzima. Ombi lenyewe linaweza kutumwa mtandaoni, na tangu Aprili 2024 ada ya mtandaoni ni dola 710, ya karatasi 760. Anayeweza kufungua akaunti na kupakia nyaraka anabaki na dola 50 mfukoni. Kwenye mahojiano, uwezo wa kuzungumza Kiingereza hupimwa kwa maswali ya fomu ileile aliyoijaza. Sentensi ya kusoma na ya kuandika huweza kutolewa kwenye kishikwambi, aandike kwa kalamu ya kielektroniki juu ya kioo. Mzee ambaye hajawahi kugusa kalamu hiyo ataandika kwa mkono unaotetemeka hata kama sentensi anaijua. Basi siku mbili tatu za darasa mpeni kishikwambi aandike humo. Na fomu aliyotuma, aisome kwa sauti mwenyewe mpaka aelewe kila swali alilojibu, hasa kama mtoto wake ndiye aliyemjazia.

Ila mtihani ukiisha, maisha ya umma ndiyo kwanza yanaanza, na hapa ndipo napenda tukae kidogo. Niwaonyeshe somo moja ninalolipenda kuliko yote: mkutano wa bodi ya shule.

Tuseme kituo cha basi la shule kimehamishwa, na watoto sasa wanavuka barabara kubwa alfajiri. Wazazi darasani wamelalamika kwa lugha zao. Wiki ya kwanza tunauliza: nani ameamua? Wanafunzi wanatafuta tovuti ya wilaya ya shule kwenye simu zao, wanakuta orodha ya wajumbe wa bodi, wanasoma majina. Wengi wanashangaa kwamba wajumbe hawa huchaguliwa kwa kura na kwamba mkutano uko wazi kwa yeyote. Wiki ya pili tunafungua ajenda. Ni faili la kurasa nyingi la Kiingereza kigumu, na mwalimu asilirahisishe. Awafundishe kutafuta neno moja ndani ya faili. Wanaandika neno la basi, wanaruka moja kwa moja hadi ukurasa wenyewe. Nimeona nyuso zikibadilika kwa jambo dogo kama hilo. Kisha fomu ya kuomba kuzungumza: jina, anwani, mada.

Wiki ya tatu ni kusema. Kwa kawaida msemaji hupewa dakika mbili au tatu, kwa hiyo tunaandika sentensi sita. Jina langu ni fulani. Naishi mtaa huu. Nina watoto wawili katika shule hii. Kituo kipya kiko ng'ambo ya barabara kubwa. Naomba bodi ikirudishe kituo cha zamani. Asanteni. Wanarekodi kwa simu, wanajisikiliza, wanarudia. Wiki ya nne, anayetaka anakwenda. Asiyetaka anatuma barua pepe hiyohiyo, na anajifunza kwamba mada ya barua huandikwa mahali pake. Na hapo mwalimu anasisitiza jambo moja kwa sauti kubwa: kusema kwenye mkutano hakuhitaji uraia, kupiga kura katika uchaguzi wa taifa kunahitaji. Aliyeelewa tofauti hiyo ndani ya ukumbi, hataangushwa na swali la ofisi ya leseni.

Wapo watakaosema, mwalimu, hao ni wa ngazi ya juu. Wangu hawajui hata herufi. Sikubali. Anayeanza kabisa ana nenosiri la kutunga, na nenosiri linadai herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Hiyo ni alfabeti, na ana sababu ya kuijua leo. Ana ujumbe wa simu unaodai kutoka serikalini ukimtaka alipe faini sasa hivi. Kuutambua kuwa wa kitapeli ni kusoma, ni uraia, na ni kompyuta kwa pamoja. Matapeli wanamfuata huyu wa ngazi ya chini kwanza, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kumsubirisha.

Ombi langu la mwisho ni la mikono. Mwanafunzi akikwama, usimchukulie simu ukabonyeza wewe. Tunafanya hivyo kwa upendo na kwa sababu muda unakwenda, najua. Weka mikono yako nyuma, useme kwa Kiingereza chepesi abonyeze wapi, halafu usubiri. Atachelewa. Mwache achelewe, darasani ndipo mahali pa kuchelewa pasipo na foleni nyuma yake.

Nipo tayari kwa maswali, na ningependa wanafunzi waanze.